Kipimo cha choo au kamera ya utumbo: pesa yako iende wapi

Ukipiga simu hospitali tatu za mji mmoja na kuuliza bei ya kupima saratani ya utumbo mpana, utapewa bei tatu zinazopishana mno, na mara nyingi zitakuwa bei za vitu vitatu tofauti. Ya kwanza ni ya kupima damu iliyojificha kwenye choo. Ya pili ni ya kolonoskopi, ile kamera inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa na kupita utumbo mpana wote. Ya tatu ni ya kifurushi cha kupima mwili mzima, chenye ultrasaundi ya tumbo na kipimo cha damu kiitwacho CEA, ambacho kwa kazi hii hakikusaidii. Asiyejua tofauti huchagua kwa kuangalia bei. Mwenye uwezo huchukua kifurushi kwa sababu kinaonekana kamili, asiye na uwezo huacha vyote, na wote wawili hurudi nyumbani bila kupimwa kilichowapeleka.

Msimamo wangu nautanguliza. Mtu mwenye miaka 45 au zaidi, asiye na dalili yoyote, ambaye hakuna wa karibu katika ukoo aliyeugua saratani hii, na anayelipa kutoka mfukoni mwake, apime choo kwa kipimo cha FIT kila mwaka, huku akijua mapema pesa za kamera zitatoka wapi iwapo majibu yatakuwa chanya. Mwenye dalili, au mwenye mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye au mtoto aliyeugua, asitumie hata shilingi kwa kipimo cha choo. Aende kwenye kamera moja kwa moja.

Saratani hii inafaa kutafutwa kabla mtu hajaugua kwa sababu ya jinsi inavyoanza. Karibu mara zote huanza kama polipu, kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Polipu nyingi hubaki hivyo hivyo maisha yote. Chache hugeuka kuwa saratani, na kwa kawaida huchukua miaka kama 10 kufika huko. Katika miaka hiyo mtu hana maumivu, anakula vizuri, anapata choo kama kawaida, ila kinyama kinaweza kuvuja damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho. Daktari akikikuta kwa kamera hukikata papo hapo kwa kitanzi cha waya kinachopita ndani ya mpira wa kamera, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ikikosekana nafasi hiyo, gharama huanza kupanda ngazi kwa ngazi. Saratani iliyokutwa bado iko ndani ya ukuta wa utumbo mara nyingi humalizwa kwa upasuaji peke yake. Iliyofika kwenye tezi za jirani huhitaji upasuaji na kemo ya miezi 3 hadi 6. Ikiwa chini, kwenye rektamu, huongezwa mionzi, na wengine hulazimika kuishi na mfuko wa choo tumboni, mifuko ambayo hununuliwa kila wiki. Iliyosambaa kwenye ini au mapafu huleta kemo isiyo na tarehe ya mwisho na picha za CT za kurudiwa rudiwa. Hapo ndipo kiwanja kinapouzwa na kundi la michango kufunguliwa kwenye WhatsApp. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani ikikutwa bado haijatoka kwenye utumbo, wagonjwa kama 90 kati ya 100 huwa hai miaka 5 baadaye. Ikikutwa imeshasambaa mbali, hubaki kama 15. Duniani kote, mwaka 2022 pekee, watu wapatao milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu na takriban 900,000 walifariki kwa sababu yake.

Tuanze na kipimo cha choo, maana ndicho kinachouzwa kwa kuchanganywa zaidi. Kuna aina mbili, na kwenye fomu za maabara zote mbili zinaweza kuandikwa kwa jina moja la damu iliyojificha. Ya zamani hutumia dawa ya guaiac inayobadilika rangi ikikutana na damu. Tatizo lake ni kwamba haitofautishi damu yako na ya mbuzi uliyemla Jumamosi. Nyama nyekundu na baadhi ya mboga mbichi zinaweza kuleta chanya ya uongo, na vitamini C nyingi inaweza kuficha damu iliyopo kweli. Aina ya pili, FIT, hutafuta protini ya damu ya binadamu tu. Nyama choma haiivurugi, wala huna haja ya kubadili chakula. Maabara wakikuambia usile nyama kwa siku tatu kabla ya kuleta choo, jua kwamba unauziwa kile cha zamani, hata kama bei ni ya kipya.

Kile cha zamani hakikuwa bure. Utafiti mkubwa wa Minnesota uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kukifanya kila mwaka kulipunguza vifo vya saratani hii kwa 33%. Mahali ambapo hakuna kingine, kifanye, na ufuate masharti ya chakula. Lakini kama bei zinakaribiana, chukua FIT.

FIT yenyewe ina sura mbili. Ipo ya kaseti, yenye mistari kama kipimo cha malaria, na ipo ya mashine inayotoa namba kamili ya kiasi cha damu. Ya mashine ni ya kuaminika zaidi kwa sababu jibu halitegemei jicho la mtu kuamua kama mstari wa pili umetokea au la. Ya kaseti hutofautiana sana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo ukiinunua angalia tarehe ya kuisha muda na uulize ilikuwa imehifadhiwa wapi.

Hifadhi ina uzito wa pekee kwetu tunaoishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar. Protini inayotafutwa na FIT huharibika kwenye joto. Watafiti wa Italia waligundua kwamba hata kwao, sampuli za kiangazi zilitoa chanya chache kuliko za majira ya baridi, na sababu si kwamba watu walikuwa wazima zaidi wakati wa jua. Sampuli iliyokaa kwenye dashibodi ya gari tangu asubuhi hadi saa nane mchana inaweza kukupa jibu zuri lisilo la kweli. Chukua sampuli asubuhi unayokwenda maabara, iweke kivulini au kwenye friji ndani ya mfuko wake, na uifikishe siku hiyo hiyo. Choo kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni, na mwanamke asubiri hedhi iishe.

Kwa usahihi, FIT moja hugundua takriban saratani 79 kati ya 100. Kwa polipu kubwa ambazo bado hazijawa saratani ni dhaifu zaidi, hukamata kama robo tu. Ndiyo maana haitoshi kupima mara moja na kutulia miaka mitano. Nguvu yake iko katika kurudia: kinyama kilichopita bila kuonekana mwaka huu kina nafasi ya kuonekana mwaka ujao, na kwa kuwa kinakua polepole, muda bado upo. Anayepima mwaka mmoja kisha akasahau hajapata alichokilipia.

Majibu yakiwa chanya, maana yake si kwamba una saratani. Bawasiri, kichocho cha tumbo, amiba na michubuko pia huvujisha damu, na wengi wanaopata chanya hukutwa bila saratani. Ila maana yake ni kwamba sasa unahitaji kamera, tena ndani ya miezi michache. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa waliochelewa zaidi ya miezi 10 baada ya FIT chanya walikutwa na saratani nyingi zaidi, na zilizoendelea zaidi, kuliko waliowahi. Kosa linalofanyika sana ni kwenda maabara ya pili yenye bei nafuu, kurudia kipimo, kupata hasi, na kuishikilia hasi ile kwa furaha. Polipu haivuji damu kila siku, kwa hiyo hasi ya pili haifuti chanya ya kwanza. Fedha ya kurudia ingefaa iwekwe kwenye akiba ya kamera.

Na kamera ni bili ya vipande vingi. Bei unayotajiwa kwenye simu mara nyingi ni ya kipande kimoja, utaratibu wenyewe. Juu yake kuna ada ya kumwona daktari kabla, dawa ya kusafisha tumbo, dawa ya usingizi na wakati mwingine malipo ya mtaalamu wa usingizi, kukata polipu ikiwepo, na maabara ya patholojia inayosoma kile kinyama. Hiki cha mwisho ndicho kinachowashtua watu, kwa sababu bili yake huja baadaye, na baadhi ya maabara hutoza kwa kila chupa ya sampuli. Aliyekatwa polipu tatu zilizowekwa kwenye chupa tatu anaweza kulipa mara tatu. Kwa hiyo usiulize kolonoskopi ni bei gani. Uliza: nikija, nikilazwa kwa dawa ya usingizi, mkakuta vinyama viwili mkavikata na kuvipeleka maabara, nitatoka hapa nimelipa kiasi gani kwa jumla? Hospitali inayoweza kujibu swali hilo kwa namba, tena kwa maandishi, tayari imekuonyesha jambo kuhusu utaratibu wake.

Ongeza na gharama zisizo kwenye risiti. Siku moja ya maandalizi huna kazi ya maana unayoweza kufanya mbali na choo. Siku ya kipimo unahitaji mtu wa kukusindikiza, kwa sababu aliyepewa dawa ya usingizi haruhusiwi kuendesha gari wala kupanda bodaboda peke yake. Mtu wa Kilwa au Lamu ana nauli ya watu wawili na usiku mmoja au miwili ya malazi, kwa kuwa vifaa na madaktari wa kazi hii wamejaa miji mikubwa na hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, Kenyatta ya Nairobi na Moi ya Eldoret. Baadhi ya hospitali za misheni nazo zina huduma hii, Tenwek ya Bomet ikiwa mfano unaojulikana, na zinafaa kuulizwa bei kabla hujaamua kwamba ni lazima uende mji mkuu.

Maandalizi ndiyo nusu ya thamani ya kamera. Utumbo usiposafishika vizuri, daktari haoni, na utaambiwa urudi, kwa malipo mengine. Kwa siku mbili tatu kabla, acha maharage, mchicha, sukuma wiki, mapera, pasheni na kila chenye mbegu au nyuzi. Wali mweupe, mayai na samaki vinatosha. Siku ya mwisho ni vinywaji vinavyopitisha mwanga: chai ya rangi bila maziwa, maji ya dafu yaliyochujwa, supu iliyochujwa isiyo na mafuta, na si juisi nyekundu wala ya zambarau, maana rangi hiyo ndani ya utumbo hufanana na damu. Dawa ya kusafisha inywewe kwa awamu mbili, nusu jioni na nusu iliyobaki saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Wengi huambiwa wainywe yote jioni kwa sababu ni rahisi kueleza, lakini awamu mbili husafisha vizuri zaidi. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amweleze daktari siku ya kupanga miadi, asingoje asubuhi ya kipimo.

Ubora wa anayeshika kamera ni sehemu ya unachonunua, na mteja ana haki ya kuuliza. Mzuri hufika mwisho wa utumbo mpana, kwenye sikamu, kwa wagonjwa zaidi ya 90 kati ya 100, na wakati wa kutoka hutumia si chini ya dakika 6 akitazama kwa makini, kwa kuwa polipu huonekana wakati wa kurudi. Ripoti yako iandikwe kama sikamu ilifikiwa, usafi wa utumbo ulikuwaje, na vinyama vingapi vilikatwa, na iwe na picha. Ripoti yenye maneno mawili tu, kawaida kabisa, bila picha ya sikamu, haikuhakikishii kwamba utumbo wote uliangaliwa. Kuhusu hatari, utumbo kutoboka hutokea kwa watu kama 3 kati ya 10,000 wanaopimwa bila dalili, na kutokwa damu nyingi kwa kama 15 kati ya 10,000, zaidi kwa waliokatwa polipu. Ni hatari ndogo, lakini ipo, na FIT haina hatari hiyo.

Faida ya kamera ni kwamba ikiwa safi na imefanywa vizuri, kwa mtu asiye na hatari ya ziada inatosha kwa miaka 10. Hapo ndipo hesabu inapokuwa ya kweli, kipimo kimoja dhidi ya kumi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, umetajiwa FIT ya shilingi 2,000 za Kenya na kamera ya shilingi 40,000 pamoja na vipande vyake vyote. FIT kumi ni 20,000, tena zinazolipwa kidogo kidogo. Lakini kati ya watu 100 wasio na saratani wanaopima FIT, 5 au 6 hupata chanya mwaka huo na kwenda kwenye kamera, kwa hiyo ndani ya miaka 10 uwezekano wa kulipia kamera angalau mara moja si mdogo. Mwenye busara huhesabu FIT pamoja na akiba: kila mwaka anapolipia kipimo, anaweka kando fungu la kamera, iwe benki, kwenye chama au kwa M-Pesa. Na kama huko uliko FIT inauzwa ghali kiasi kwamba kumi zake zinazidi kamera moja, usiumize kichwa, kata shauri la kamera.

Kwa upande wa kuokoa maisha, vipimo hivi viwili havijaachana kama bei zake zilivyoachana. Utafiti wa Hispania uitwao COLONPREV, uliowaalika watu zaidi ya 57,000, kundi moja kwa kamera ya mara moja na jingine kwa FIT kila baada ya miaka miwili, ulichapishwa mwaka 2025. Baada ya miaka 10 vifo vya saratani hii vilikuwa 0.22% kwenye kundi la kamera na 0.24% kwenye kundi la FIT. Sababu mojawapo ni ya kibinadamu: walioalikwa kwa FIT walijitokeza kwa wingi zaidi, karibu 40 kati ya 100, huku wa kamera wakiwa karibu 32. Kwa nchi ambazo kutaja haja kubwa mbele ya daktari kunamfanya mzee wa miaka 60 aone haya, nadhani hoja hiyo ina nguvu zaidi. Kipimo ambacho baba yako atakubali kukifanya kina thamani zaidi kuliko kile bora atakachokiahirisha hadi mwakani.

Vipo vingine, na havihitaji maneno mengi. Sigmoidoskopi huangalia upande wa kushoto wa utumbo tu, haihitaji dawa ya usingizi, na utafiti wa Uingereza wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa hata ya mara moja hupunguza vifo kwa 31%. Ikipatikana kwa bei nzuri, ni chaguo la heshima. Picha ya CT ya utumbo huhitaji maandalizi yaleyale, na ikionyesha polipu bado utakwenda kwenye kamera, kwa hiyo unaweza kulipa mara mbili. Kipimo cha DNA ya choo hukamata saratani 92 kati ya 100, lakini nchini Marekani bima ya wazee, Medicare, hukilipia takriban dola 509, wakati FIT ni chini ya dola 25. Kipimo cha damu cha Shield kilichoidhinishwa Marekani Julai 2024 hugundua saratani 83 kati ya 100, ila polipu kubwa hatari 13 tu, na maana kubwa ya kupima ilikuwa ni kuzipata hizo.

Sasa vile visivyofaa kununuliwa. CEA hupanda kwa wavutaji sigara na kwa magonjwa mengine, na kwa saratani changa mara nyingi iko kawaida. Kazi yake ni kumfuatilia aliyekwisha kugunduliwa na kutibiwa. Ultrasaundi ya tumbo haioni polipu. Kifaa kifupi cha kuangalia bawasiri huona sentimita chache za mwisho tu. Dawa za kusafisha utumbo na kutoa sumu, zinazouzwa sokoni na kwenye simu, hazigundui wala haziondoi kinyama chochote. Mtu aliyetumia fedha zake kwa hivi vyote bado hajapimwa saratani ya utumbo mpana.

Yote niliyosema kuhusu FIT ni kwa asiye na dalili, na hapa naomba msomaji atulie. Mwaka 2019 mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alitangaza hadharani kwamba ana saratani ya utumbo mpana iliyofika hatua ya nne. Alifariki Julai mwaka huo akiwa na miaka 41. Ratiba ya kuanza kupima ukiwa na miaka 45 isingemfikia. Hospitali za Afrika Mashariki huwapokea wagonjwa wengi wa saratani hii walio chini ya miaka 50, na wengi hufika wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo umri mdogo usiwe sababu ya kupuuza damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, hisia kwamba hujamaliza kila utokapo chooni, kupungua uzito bila kujua kwa nini, au upungufu wa damu usioeleweka. Mwanaume mwenye upungufu wa damu wa madini ya chuma, au mwanamke aliyekoma hedhi, asirudishwe nyumbani na vidonge vya chuma peke yake. Lazima itafutwe damu inapotelea wapi. Dawa ya bawasiri ikirudiwa mara tatu bila mtu kutazamwa ndani, hesabu ya akiba imegeuka hasara, kwa sababu unalipia muda ambao uvimbe unautumia kukua.

Aliye na mzazi, ndugu au mtoto aliyeugua aanze kamera akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao huyo ndugu aligunduliwa, kutegemea ipi inatangulia. Mama akigunduliwa akiwa na miaka 44, watoto wake waanze wakiwa na 34. Familia zenye ugonjwa wa kurithi wa Lynch huanza kati ya miaka 20 na 25 na kurudia kila mwaka mmoja au miwili. Wenye uvimbe sugu wa utumbo nao wana ratiba yao, ambayo kwa kawaida huanza miaka 8 baada ya ugonjwa kujitokeza.

Wapo wanaoamini kwamba huu si ugonjwa wetu. Imani hiyo ina historia. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Kampala, hadi katikati ya miaka ya 1960, aliona jinsi saratani hii ilivyokuwa adimu kwa wagonjwa wake wa Afrika, akahusisha jambo hilo na ulaji wenye nyuzinyuzi nyingi. Alichoona kilikuwa kweli kwa wakati ule na kwa sahani ile. Sahani imebadilika: soseji na nyama za kusindikwa, ambazo shirika la utafiti wa saratani la WHO liliziweka mwaka 2015 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, sasa ziko kila kona ya mji, pamoja na pombe, sigara, vitambi na kazi za kukaa. Dona, maharage, mboga za majani na kutembea hupunguza hatari na hugharimu kidogo, lakini havichukui nafasi ya kipimo.

Mwenye bima aulize swali moja kwa maandishi kabla ya miadi: mnalipia kamera kwa mtu asiye na dalili, au mpaka awe na ugonjwa? Mipango mingi hulipia matibabu kwa urahisi kuliko uchunguzi. Nchini Kenya, bima ya afya ya taifa, SHA, ilipoanza Oktoba 2024 kwa mchango wa 2.75% ya kipato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, kifurushi chake cha saratani kiliwekewa kikomo cha shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Vikomo hubadilishwa, kwa hiyo uliza cha sasa. Lakini kikomo chochote kile humalizwa haraka na kemo ya hatua ya nne, na saratani ya hatua ya kwanza haikigusi sana. Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mwanachama aulize kama anahitaji rufaa na kibali kabla ya kamera, ili asije akalipa taslimu kilichopaswa kulipiwa.

Ndugu walio Uingereza wenye miaka 50 hadi 74 hutumiwa FIT nyumbani kwa posta kila baada ya miaka miwili bila malipo, na wako wanaoiacha mezani. Walio Marekani wenye bima, kuanzia miaka 45, kwa kawaida hawatakiwi kuchangia chochote kwa kipimo hiki, na sheria sasa inahusisha pia kamera inayofuata baada ya choo chanya.

Kwa hiyo wiki hii fanya mambo mawili. Waulize wazee wa pande zote mbili za ukoo ni nani aliyefariki kwa tumbo, kwa uvimbe au kwa kutokwa damu chooni, na alikuwa na miaka mingapi. Kisha, kama umefika 45 na huna dalili, piga simu maabara na uiulizie FIT kwa jina. Kama unaona damu chooni, acha maabara na umtafute daktari wa kamera, hata kama una miaka 28.